Mzigo wa tajiri, deni la dereva

WAHENGA walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva wa lori la tela la wazi anaujua ukweli wa msemo huo kuliko wengi. Shehena si yake na lori si lake, lakini mzigo ukidondoka, ukiibwa au ukizidi kwenye mizani, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini jijini Tanga. Mradi wa kuboresha bandari, uliogharimu Sh429.1 bilioni na kukamilika mwaka 2023, uliongeza kina cha maji gatini kutoka mita tatu hadi mita 13. Meli ambazo zamani zilitia nanga kilomita 1.7 kutoka gatini na kushushia shehena kwenye matishari, sasa zinafunga gatini moja kwa moja.

Shehena hiyo lazima ihamishwe. Kwa kijana wa Makorora mwenye leseni ya magari makubwa, hiyo ni habari njema. Swali la kujiuliza ni hili: je, ajira anayoifuata ina masharti gani, na nani anabeba hasara mambo yanapoharibika?

Tela la wazi halina kuta wala paa. Hupakiwa nondo, mabomba, mitambo, makontena, na hata saruji iliyofunikwa turubai. Kinachouzuia mzigo usianguke ni minyororo, mikanda na kufuli za kontena. Lori likitembea, mzigo hutulia na mikanda hulegea, hivyo dereva makini husimama baada ya mwendo mfupi na kukaza upya.

Hata hivyo, kusimama ni kupoteza muda. Pale ambapo sehemu kubwa ya kipato cha dereva ni posho ya safari, kila saa anayotumia kukagua mnyororo ni saa inayomchelewesha kupata safari nyingine. Kwa maneno mengine, malipo yanamsukuma kukimbia wakati usalama unamtaka atulie.

Gharama ya shehena kuacha tela tunaijua. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe, Mafinga mkoani Iringa, kontena lililokuwa juu ya lori liliangukia basi la abiria na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 10, madereva waligoma nchini, na wakagoma tena mwanzoni mwa Mei. Walipinga kutakiwa kurudi chuoni kila wanapohuisha leseni, lakini dai jingine kubwa lilikuwa mikataba ya ajira.

Kwa nini mkataba? Kwa sababu haki nyingi za dereva zimekwishaandikwa, ila bila karatasi mkononi ni vigumu kuzidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 12 kwa siku pamoja na muda wa ziada. Inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.

Muhimu zaidi ni kifungu cha 28 kuhusu makato. Mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi fidia ya hasara kwa kuamua tu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, na mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu ya deni. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya ujira wake.

Chukua mfano wa mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56. Lakini kila ekseli nayo ina kiwango chake. Lori linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakutwa na kosa kwa sababu nondo zimeelemea upande mmoja. Nani alizipanga? Mara nyingi ni watu wa ghalani au wa winchi, siyo dereva.

Wasafirishaji nao wana hoja. Wapo madereva wanaouza mafuta njiani na wapo wanaoshirikiana na wezi wa mizigo. Tajiri aliyekopa benki kununua malori hawezi kufumbia macho hayo. Lakini sheria haimzuii kudai haki yake. Inamtaka athibitishe kwanza, kisha ndipo akate.

Kampuni kubwa ndizo zenye uwezo wa kuonyesha mfano. Zina maofisa utumishi, wanasheria na vifaa vya kufuatilia lori lilipo. Kampuni inayoweza kujua gari limesimama wapi saa nane usiku haiwezi kudai kuwa inashindwa kuhesabu saa za dereva wake.

Maofisa kazi wa Tanga wasisubiri mgomo mwingine. Wakague mikataba sasa, wakati malori yanazidi kufuata shehena. Dereva naye, kabla ya kuwasha gari, ahakikishe ana nakala ya mkataba wake na hati inayoonyesha nani alipakia na kwa uzito gani. Akifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hizo mbili zitamsaidia kuliko maelezo yake yote.

Bandari ya Tanga imeongezewa kina kwa fedha za umma. Haitakuwa sahihi faida yake ikaishia gatini, huku familia ya Makorora ikilipa deni la shehena ambayo haijawahi kuimiliki.