Usiri si Maficho ya Dhambi



Kompyuta ya ofisi ya parokia, hapa Karatu kama kwingineko, hutunza mambo ya watu: ubatizo, ndoa, zaka, majina ya wagonjwa. Programu zake zisiposasishwa, matundu ya usalama hubaki wazi. Ila wengi wetu hatujui kwamba hata kupakua masasisho kunaweza kutoa siri. Anayechungulia njia ya intaneti anaweza kuona umepakua nini na lini. Akijua tundu ambalo hujaliziba, amejua pa kuingilia.

Debian, mfumo wa jamii ya Linux, una programu ndogo iitwayo apt-transport-tor. Hupitisha upakuaji katika mtandao wa Tor, kwa kawaida kupitia vituo vitatu, wala hakuna kituo kimoja kinachojua kwa pamoja nani anaomba na anaomba wapi. Tangu 2016 Debian ina anwani zake ndani ya Tor. Sahihi ya kidijitali huthibitisha kwamba kilichopakuliwa hakijachezewa. Tor humlinda anayepakua.

Wapo wanaouliza: asiye na kosa anaficha nini? Sisi waseminari tusingepaswa kuuliza hivyo. Siri ya kitubio haipo ili kulinda uovu, bali ili mnyonge aseme bila hofu.

Hatukatai kwamba Tor hutumiwa pia na waovu, na kwamba hupunguza kasi. Sheria nayo ipo: Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao. Tor si VPN, lakini anayetaka kuitumia asome kwanza kanuni. Hata hivyo, tunaona haki ni kuhukumu tendo, si pazia.

Linalotugusa zaidi ni watunzaji. Tangu 1993 Debian hujengwa na watu wa kujitolea: wanapokea taarifa za hitilafu, wanarekebisha, wanajaribu tena, na wanaowahudumia hawawajui. Mwaka 2024 tuliona hatari ya kuwaacha peke yao, pale mtu aliyejenga imani kwa miaka alipopenyeza mlango wa siri katika programu ya XZ, ambayo mtunzaji wake alikuwa amechoka.

Basi tusiishie kupakua bure. Mwenye ujuzi aripoti hitilafu au atafsiri maelezo kwa Kiswahili. Asiye nao awaombee. Kulinda jirani asiyekujua nako ni upendo.