Toa Macho kwa Sahani ya Ndugu Yako



Leo sina salamu ndefu. Kuna jambo limeletwa kwangu mara ya tatu sasa, na nitalijibu hapa hadharani kwa sababu limesemwa hadharani. Dada mmoja katika ushirika wetu ameacha kula nyama. Hajaacha kanisa, hajaacha maombi, hajaacha kutoa. Ameacha nyama tu. Na kuna watu wazima, waliookoka, wanaonena kwa lugha, wanaotaka aitwe mbele ya wazee aulizwe amejiunga na dini gani.

Hebu nikuulize wewe uliyeleta hoja hiyo. Januari tulifunga siku 21, mfungo wa Danieli. Wiki tatu ulikula ndengu, viazi, maboga na matunda, ukaposti kila asubuhi kwamba Mungu ni mwaminifu. Siku ya 22 jua halikutua kabla hujafika kwa kibanda cha choma, na hakuna aliyekulaumu. Sasa niambie, kitu kilichokuwa utakatifu kwako Januari kimegeukaje ushetani kwake baada ya miezi michache? Kwa kuwa hakukuwa na tangazo kutoka madhabahuni? Kwa kuwa hakuna aliyempa ratiba?

Rudi kwa huyo Danieli tunayemtumia kila mwaka. Katika sura ya 1 hakuna nabii aliyemwamuru kuacha chakula cha mfalme. Aliamua mwenyewe moyoni. Kisha akaenda kuomba ruhusa kwa adabu, akapendekeza majaribio ya siku 10, yeye na wenzake watatu, mboga na maji. Hakusimama katikati ya ukumbi kuwaambia wengine kwamba sahani zao ni najisi. Halafu fungua sura ya 10. Miaka mingi imepita, Danieli ni mzee, naye anaeleza kwamba kwa wiki tatu hakuonja nyama wala divai. Maana yake nini? Siku nyingine alikuwa anakula! Mtu yuleyule. Kwa hiyo asije mtu hapa kumfanya Danieli fimbo, si wewe mla nyama, si wewe uliyeacha.

Kuna aliyeandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba Biblia inamwita anayekula mboga dhaifu. Ndiyo, Warumi 14, mstari wa 2. Ukausoma, ukafunga kitabu. Mstari wa 3 ndio unaokuhusu wewe. Hapo Paulo anamkataza anayekula kumdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa sababu Mungu amempokea. Amempokea! Mungu ameshafungua mlango, wewe umesimama kizingitini unamuuliza mtu alikula nini jana usiku.

Na ujue hao watu wa kwanza walikuwa na shida kubwa kuliko yako. Kule Korintho nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilikuwa imepitia mbele ya sanamu. Mwamini mchanga aliyetoka katika ibada hizo akila nyama ile, moyo unamrudisha alikotoka. Paulo alijua vizuri sanamu si kitu, hivyo alikuwa na haki ya kula akashiba. Lakini katika 1 Wakorintho 8 anasema kama chakula kinamkwaza ndugu yake, heri asile nyama maisha yake yote. Mtume mzima alikuwa tayari kuacha nyama kwa ajili ya mtu mmoja. Wewe mtu mmoja ameacha nyama yake mwenyewe, hajagusa yako, na huwezi kuvumilia kukaa karibu naye akila githeri.

Sasa tuseme ukweli wote. Kuna mama katika kanisa hili ambaye mara ya mwisho kununua nyama ilikuwa Krismasi. Anakula ugali na sukuma wiki mwaka mzima. Umewahi kusikia jina lake likipelekwa kwa wazee? Hakuna aliyesema ana roho ngeni. Kwa hiyo usinidanganye kwamba mboga ndizo zinazokusumbua. Kinachokusumbua ni kwamba huyu dada ana pesa ya kununua na amesema hapana. Umaskini wa mwenzako haukukosesha usingizi. Uamuzi wake ndio umekukosesha.

Wengine wanasema hiyo ni dini ya Wahindi, wengine wanasema ni Usabato. Ni kweli kuna Wahindu na Wajaini hapa Nairobi ambao hawali nyama kwa imani yao, na Wasabato wengi wameiacha pia. Lakini chapati ilitujia kutoka wapi? Umeacha chapati?

Ninaelewa kitu kimoja. Kwetu nyama si chakula tu, ni heshima. Mgeni akija kuku huchinjwa, posa ikiletwa mbuzi huchinjwa, na kule Vihiga na Kakamega watu hutania kwamba jogoo akimwona mhubiri langoni anaanza kuaga jamaa zake. (Sisi wachungaji tumechangia sana utani huo, sitabisha.) Kwa hiyo mtu akisema hali nyama, mwenye nyumba anasikia kama amekataliwa yeye. Hilo ni jeraha la kweli. Dada, kaka, uliyeacha nyama, mpigie mwenyeji wako simu siku mbili kabla. Mwambie, "Mama, nakuja, na nitafurahi sana na maharagwe yako." Usingoje mpaka mbuzi yuko mezani.

Nawe mwenyeji, ukiambiwa, sikia. Usimjibu, "Basi kula kuku," kana kwamba kuku huota shambani. Usimpakulie supu halafu useme ulitoa vipande. Na tafadhali usimtupie Luka 10, pale Yesu aliposema wale walichowekewa. Aliwaambia hivyo watumishi aliowatuma njiani, wasihamehame nyumba hadi nyumba wakitafuta meza nono. Andiko la kuwazuia wahubiri wasichague minofu, wewe unalitumia kumlazimisha binti wa watu kula matumbo harusini?

Sasa nifike pale penye uzito. Aliyeleta jambo hili safari hii aliniambia, "Mchungaji, Shakahola ilianza hivihivi."

Nimelifikiria neno hilo kwa siku kadhaa, kwa sababu si neno la mchezo. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na watoto walikuwa wengi. Watu walifunga mpaka kufa wakiamini wanakwenda kumlaki Yesu. Kesi iko mahakamani, mimi si hakimu. Lakini kila Mkenya anayeitwa mchungaji anapaswa kutetemeka akisikia jina la mahali pale, na mshirika yeyote ana haki ya kuuliza maswali mtu akianza kuhubiri habari za kutokula.

Ila uliza swali lililo sahihi. Usiulize mtu ameacha nini. Uliza nani amemwambia aache. Je, anaweza kubadili nia kesho na akala bila kuogopa mtu? Je, watoto wake wanakula na kushiba? Je, kuna mtu amempokonya simu, hospitali, ndugu zake? Paulo alimwonya Timotheo katika waraka wa kwanza, sura ya 4, juu ya walimu watakaokataza watu kuoa na kuwaamuru wajiepushe na vyakula. Dhambi iko katika kule kuamuru. Mtu kujitwalia mamlaka juu ya kinywa cha mwingine kwa jina la Mungu, hapo ndipo mauti inapoanzia.

Basi tazama nani hapa anamfanana mtu wa namna hiyo. Dada yetu anakula anachotaka, anaacha asichotaka, hajamwagiza mtu. Wewe ndiye unayetaka kamati ikae iamue ni nini kiingie kinywani mwake. Ukilitaja jina la Shakahola, kumbuka kwamba kidole kile kinaweza kukugeukia.

Hukumuuliza hata sababu yake, na si lazima awe nayo. Wako walioambiwa na daktari kwa ajili ya jongo. Wako waliochoka na nyama ya dukani tangu mwaka 2019, runinga ilipoonyesha nyama ikitiwa dawa ya kuhifadhi kwenye supamaketi. Yuko aliyemlea mbuzi kwa mkono wake, siku ya kuchinjwa akashindwa. Mithali 12:10 inamsifu mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake, kwa hiyo usimcheke.

Na nyinyi mlioacha, nina maneno machache. Yule anayetuma video za kichinjio kwenye kundi asubuhi ya harusi ya watu, koma. Ibrahimu aliwachinjia wageni ndama, na Yesu aliyefufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Wewe si msafi kuliko wao. Usiende kumhubiria mama wa Turkana au Samburu juu ya mboga, mtu ambaye ukame wa juzi ulimmalizia mifugo. Mbuzi wake ni ada ya shule, ni maziwa ya mtoto. Na usimwambie mgonjwa aache dawa kwa sababu umeacha nyama. Kama una mimba, unanyonyesha au una upungufu wa damu, nenda kliniki uongee na mtu wa lishe, uulize pia habari za vitamini B12, kwa maana maharagwe hayana hiyo. Mimi ni mchungaji, sipimi damu.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazee ni hili: hakuna mtu atakayeitwa. Faili hiyo imefungwa.

Jumapili baada ya ubatizo tuna chakula cha mchana. Nimeshaongea na akina mama wa jikoni. Mbuzi wawili watapikwa. Maharagwe yatakuwa na sufuria yake na mwiko wake, na hayatatiwa supu ya mbuzi eti kuongeza ladha. Ukinikuta kwenye foleni ya maharagwe, usianze kuniombea.