Msimchuje Muuguzi kwa Damu Yake

Hatari iko kwenye fomu ya ajira.

Fomu inamtaka muuguzi mpya apimwe ndipo apewe kazi. Kifua. Damu. Halafu HIV. Mwenye shida ya kazi haulizi. Anasaini.

Sheria ya Ukimwi ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumlazimisha mtu apimwe HIV ili aajiriwe. Mwaka 2013 Mahakama ya Viwanda jijini Nairobi ilikiamuru Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kimlipe mfanyakazi karibu shilingi milioni 7. Alipimwa bila idhini yake, akanyimwa ajira ya kudumu.

Huku ziwani jambo hili ni zito zaidi. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndizo kaunti zilizoelemewa na HIV kuliko nyingine nchini. Ukichuja waajiriwa kwa HIV hapa, unawafungia mlango vijana wengi wanaomeza dawa, wenye nguvu, wasiomtishia mgonjwa yeyote.

Na waliomo watajificha.

Anayejua kwamba matokeo yake yatapita mezani kwa karani hatapimwa. Ataficha HIV. Ataficha na kikohozi.

Kikohozi ndicho kinachonitia hofu. Muuguzi mwenye HIV asiyekuwa na wa kumwambia atapangiwa wadi ya TB kama wenzake. Atavuta hewa ile usiku kucha, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Ataugua. Atakohoa wiki ya pili, ya tatu, akimeza dawa za dukani, huku zamu yake imehamishiwa kwa watoto wachanga. Akitoka kazini atarudi mtaani Nyalenda, kwenye chumba kimoja na wanawe, akohoe huko pia.

Sisemi watu wasipimwe. TB itafutwe kwa kila mwajiriwa, na tena kila mwaka. Homa ya ini aina ya B itafutwe pia, kwa sababu ina chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wauguzi wengi walizaliwa kabla ya hapo. Fikiria saa tisa usiku, stima zimepotea, mtoto anarusha mguu, sindano inapenya glavu. Ikiwa damu ile ina homa ya ini B, asiyechanjwa anaweza kuambukizwa kwa uwezekano wa hadi 30 kwa 100. Kwa HIV ni kama 3 kwa 1,000. Ajabu ni kwamba tunahangaika na hatari ile ndogo.

Futeni swali la HIV kwenye fomu. Leo.

Majibu ya TB na homa ya ini yabaki kwa daktari wa wafanyakazi. Afisi ya ajira ielezwe tu kama mtu anafaa kazi, au anafaa kwa masharti gani. Aliyekutwa na ugonjwa atibiwe na kazi yake imngoje.

Chanjo ya kwanza ya homa ya ini itolewe kabla ya zamu ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Wafagiaji wasisahaulike, wao ndio wanaobeba takataka zenye sindano. Dawa za PEP, zinazozuia HIV baada ya kuchomwa sindano, ziwepo hata usiku wa Jumapili, kwa maana saa 72 zikipita hazina kazi.

Nawe uliyeitwa wiki hii kuchukua barua ya kazi: ukikuta swali la HIV, usilijaze. Uliza chanjo ya homa ya ini inatolewa chumba gani.