Mkato wa Mshazari
Fundi aundaye kwa mikono yake kasha la spika, hasa lile la umbo la kabari liwekwalo sakafuni mbele ya mwimbaji apate kujisikia, hana budi kufahamu kwamba taabu yake kubwa imo katika kingo za plaiwudi wala si katika nyaya, kwani waya uliokosewa hufunguliwa ukaungwa tena, ilhali ubao wa milimita 18 uliokatwa vibaya haurudi. Hesabu yenyewe, alhamdulillahi, ni nyepesi: mbao mbili zikikutana kwa pembe mraba, msumeno huinamishwa nyuzi 45 kwa kila ukingo, lakini zikikutana kwa pembe kali ya nyuzi 75, hudaiwa nyuzi 52 na nusu, na misumeno mingi ya umeme haiinami hata huko. Hapo wengi, badala ya ustadi, hushindilia gundi na unga wa mbao, kisha hustaajabu hewa ipenyapo ufani na besi ikakoroma. Rai yangu ni kuuacha ubao mmoja na ukingo wake mraba, mwenziwe ukatwe nyuzi 15 tu na kulazwa juu yake, na ncha itakayochomoza ipigwe randa. Uso mzuri na uelekee chini, maana meno ya msumeno wa duara wa mkononi hukata yakipanda, yakararua ngozi ya juu. Nanyi vijana mnaoanza kazi hii, tafadhalini, jaribuni kwanza kwenye masazo, kwa kuwa plaiwudi nzuri ni ghali.