Mwanamichezo wa kwenye Pakiti

Sportsman, sigara ya kampuni ya BAT Kenya, ina jina la mwanamichezo na kichwa cha farasi kwenye pakiti. Nani aliwahi kushinda mbio kwa moshi? Lakini ndivyo biashara ya sigara ilivyojengwa: kwa picha. Marlboro ilianza mwaka 1924 ikitangazwa kwa wanawake kama sigara laini. Miaka ya 1950 wakala Leo Burnett wa Chicago akaivalisha kofia ya mchunga ng'ombe, wanaume wakaikimbilia. Marekani ilizima matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni mwaka 1971. Kenya ikafuata kwa sheria ya 2007.

Kongo nayo iliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005. Hapa komine ya Bulengera, ambako bidhaa nyingi hutufikia kupitia mpaka wa Kasindi, sigara huuzwa moja moja kibandani, hata kwa mtoto aliyetumwa na baba yake. Sigara ikiuzwa hivyo, bango la nini? Ofisi ya komine ianze na vibanda vilivyo karibu na shule: sigara moja moja isiuzwe hapo, na mtoto asiuziwe kabisa, hata akisema ametumwa. Wauzaji watalalamika. Walalamike.