Hataza inaisha lini? Tuandikieni tarehe!

Mwenzenu leo nimetoka semina nimevimba. Bora niyamwage hapa kabla sijalala.

Semina ilihusu hataza, ile ambayo wengi wetu tunaiita patenti. Dada mmoja wa mstari wa mbele akauliza swali dogo tu: nitajuaje hataza fulani imeisha? Jibu likaja chap chap: chukua mwaka, jumlisha 20, basi. Darasa zima tukaandika. Na mimi niliandika, sijitoi. Halafu nikarudi chumbani nikajaribu hesabu hiyo kwenye dawa moja tu, na hapo ndipo hasira zilipoanza.

Dawa yenyewe ni bedakwilini. Johnson & Johnson wanaiuza kwa jina la Sirturo, na inatibu kifua kikuu sugu. Kabla yake wagonjwa wengi walikuwa wanachomwa sindano kwa miezi, na sindano hizo ziliwaacha baadhi yao viziwi. Kwa hiyo siku ambayo viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza sio swali la mtihani. Kuna mtu masikio yake yanaisubiri siku hiyo.

Haya, tupige hesabu. Kwanza, miaka 20 kuanzia lini? Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, kifungu cha 33, unahesabu tangu siku ombi lilipowasilishwa. Sio siku ya ugunduzi, sio siku hataza ilipotolewa, sio siku dawa ilipoingia sokoni. Ombi la kimataifa la bedakwilini liliwasilishwa 18 Julai 2003. Marekani wakaiidhinisha Desemba 2012. Ukianza kuhesabu 2012 utakaa unasubiri mpaka 2032, umeliwa! Ukihesabu sawasawa unapata 18 Julai 2023.

Safi, tumemaliza? Wapi! Hataza hulipiwa ada ili iendelee kuishi. Kwa Marekani ada hizo zinadaiwa miaka 3 na nusu, 7 na nusu, na 11 na nusu baada ya kutolewa, na asiyelipa hataza yake inakufa kabla ya wakati. Upande wa pili kuna nyongeza: siku za fidia kama ofisi ilichelewa kushughulikia ombi, na kwa dawa hata miaka 5 ya kufidia muda uliopotea kwenye kusubiri idhini. Na kwa maombi ya kabla ya 8 Juni 1995 ilikuwa miaka 17 tangu kutolewa au 20 tangu kuwasilishwa, ule ulio mrefu zaidi. Sasa cheka: karatasi ya hataza ya Marekani haina tarehe ya mwisho. Ofisi yao imeweka kikokotoo kwenye tovuti, na imekuonya kabisa kwamba jibu utakalopata ni juu yako mwenyewe. Yaani mtoa haki hataki kusema haki aliyoitoa inakoma lini!

Lakini hayo yote ni vumbi. Tope lenyewe ni hili: dawa moja haina hataza moja. Johnson & Johnson walikuwa na nyingine juu ya chumvi ya fumarati, yaani umbo ambalo kiini cha dawa kinawekwa ili kiwe kidonge. Hiyo, kwenye nchi ilikokubaliwa, inakwenda mpaka 2027.

Wanafunzi tuliopanga mitaani tutaelewana haraka hapa. Fikiria umempangisha mtu chumba kwa miaka 20. Siku ya kuhama imefika, unagonga, anakuchungulia: mkataba wa chumba kweli umeisha, ila wa mlango bado miaka minne. Utamwelewa? Ndivyo jamii inavyofanyiwa. Tulimpangisha mgunduzi haki ya kuuza peke yake, naye akaahidi kutuachia ujuzi muda ukiisha. Mwisho wa siku anatuonyesha mkataba wa mlango.

Na msidhani tarehe hii ya pili iliondolewa na kikokotoo. Mwaka 2019 Phumeza Tisile wa Afrika Kusini na Nandita Venkatesan wa India, wote walionusurika kifua kikuu na kupoteza usikivu kwa sababu ya dawa, walipinga ombi la fumarati nchini India. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikalikataa. Agosti mwaka huohuo bei ya dozi ya miezi sita kwenye manunuzi ya pamoja ya kimataifa ikashuka kutoka zaidi ya dola 270 hadi 130. Mwisho wa Septemba kampuni ikatangaza haitazitumia hataza zake za dawa hiyo kwenye nchi 134 za kipato cha chini na cha kati. Kwenye makaratasi ilikuwa 2027. Wabishi ndio waliovuta siku ikaja karibu.

Najua kuna atakayesema sisi Tanzania hayatuhusu, maana nchi zenye maendeleo duni zimeruhusiwa kutolinda hataza za dawa mpaka 1 Januari 2033. Sawa, lakini vidonge tunatengeneza wapi? Vikizuiwa kule India, ruhusa yako ya 2033 utaimeza na maji?

Mwingine atasema bila hataza nani atagundua dawa. Mbona sijasema zifutwe? Nasema 20 iwe 20. Humira, dawa ya baridi yabisi ya AbbVie, hataza yake ya msingi Marekani iliisha 2016. Mshindani wa kwanza aliingia sokoni Januari 2023, kwa sababu ya msitu wa hataza nyingine na makubaliano ya nje ya mahakama. Ulaya washindani walishaingia Oktoba 2018. Dawa ileile, miaka minne ya tofauti. Hiyo ni tuzo ya ugunduzi au ya ujanja wa mawakili?

Tena msiniambie haiwezekani kuandika tarehe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ina orodha inayotaja hataza za vidonge na siku zinapoisha, na kuna hifadhidata ya MedsPaL inayoonyesha hali ya hataza za dawa nchi kwa nchi. Kama inawezekana kwao, iwezekane kwenye kila ofisi, ARIPO kule Harare na BRELA hapa kwetu. Mwenye hataza ataje zote zinazoigusa bidhaa yake na siku ya mwisho ya kila moja. Asiyoitaja asije kuidai mahakamani. Maziwa ya pakiti yanaandikwa yanaisha lini, itakuwa haki ya kumzuia mtu dawa?

Kesho narudi semina na hii hesabu kwenye daftari. Jibu letu la "jumlisha 20" nitaliomba lirekebishwe mbele ya wote, na yule dada wa mstari wa mbele ajibiwe vizuri.

Naomba kutoa hoja.