Galeri juu ya motokari ya umeme: tusilishe upepo batri yetu

Siku hizi, ndani ya Lubumbashi na Kolwezi, motokari za umeme zimeanza kuonekana moja moja. Hazina moshi, hazina makelele ya motere. Lakini sisi tuna desturi yetu: motokari bila galeri juu, kwetu haijawa motokari kamili. Mutu akinunua leo, kesho tayari iko kwa fundi wa kuchomelea: «Fundi, nipatie galeri ya nguvu, ya kubeba makala na bunga.» Sisi tunasema: ngoja kwanza.

Siku moja rafiki yetu alitubeba ndani ya motokari kama hiyo mpaka Likasi, karibu kilometa 120. Juu kulikuwa galeri ya bomba za chuma, tupu, bila hata mufuko moja. Ndani ya mji, kimya. Tulipoingia barabara kubwa, galeri ikaanza kulia kama filimbi, hata kusikilizana ikawa shida. Kufika Likasi, batri ilikuwa imeshuka kupita vile alihesabu. Usiku alichaji kwa shemeji yake, na asubuhi akaacha ile galeri palepale. Kurudi, tulizungumuza bila kupaza sauti, na batri ikabakia na nguvu.

Juu ya nini? Ndani ya motokari ya mafuta, motere inaficha makelele mengine. Ya umeme haina cha kuficha. Tena upepo hausumbui masikio tu, unakula batri. Mwendo ukitoka 50 ukafika 100 kwa saa, nguvu ya upepo wa kukuzuia inapanda mara ine. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 180. Mutu mwenye kuhesabu vibaya pale katikati, usiku, na watoto ndani, hatapata kijana wa kumuuzishia umeme ndani ya bidoni.

Basi, tuchague namna gani? Kwanza, tusome kitabu cha motokari. Tesla Model 3 inakubali kilo 68 tu juu ya kichwa chake, Model Y kilo 75, na uzito wa galeri yenyewe unahesabiwa ndani. Mifuko mbili ya bunga ya kilo 25 inapita. Mifuko mbili ya simenti, hapana. Na kuko motokari zenye hazikubali galeri hata kidogo. Paa nyingi ni kioo, kwa hiyo miguu ya galeri inakaa paka pale mutengenezaji alipanga, si pale fundi anaona ni vizuri.

Pili, umbo. Bomba za mviringo na za pembe ine zinapiga filimbi. Tutafute zile za aluminiumu zenye umbo la bawa la ndege. Ncha zake zifungwe na vifuniko, na ule mufereji wa juu ujazwe na mupira wake. Mukanda wa kufunga mizigo, tuusokote mara moja kabla ya kuukaza. Hivyo hautatetemeka na kuvuma ndani ya upepo.

Tatu, na hii njo kubwa: mizigo ikishuka, galeri nayo ishuke. Kuiacha mwaka muzima ili majirani waone ni kulipa umeme wa bure.

Wengine watatuambia: «Munataka tubebe mizigo ndani ya mikono?» Hapana. Motokari iko ya kusaidia familia, na siku ya kuhama ao ya kilio, galeri ina kazi yake. Lakini mutu akiwa na makala ya kusafirisha kila juma, afazali alipe kamioni kuliko kuharibu paa la kioo.

Na tusisahau batri hiyo inatoka wapi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa kwetu, upande wa Kolwezi, na ndugu zetu wanashuka ndani ya mashimo kwa kuitafuta. Motokari ikirudi kwetu na ile batri, tuitumie kwa heshima. Kuimaliza kwa kupiga filimbi njiani, hiyo njo haya.